Leipakoa Kalmet: Miaka Thelathini na Mmoja ya Kutomwamini Mtu

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Anti Leipakoa Kalmet atastaafu baada ya kuitumikia Ofisi yetu ya Utalii ya Visiwa Vidogo, hapa Port Vila, kwa miaka thelathini na mmoja. Wenzangu wameniomba niandike wasifu huu kwa ajili ya jarida la wafanyakazi. Namjua vizuri: akishaupata, ataugeuza nyuma aone kama kuna maandishi mengine, kisha ataniuliza nani kanituma.

Aliajiriwa mwaka 1994 kama mpokea wageni. Haikuchukua muda akahamishiwa kwenye maonyesho ya utalii ya nje, kukinadi kisiwa chake na changu cha Efalo, ambacho ramani nyingine husahau kukiweka. Mabanda ya visiwa vikubwa yalikuwa na ngoma, maua ya shingoni na wasichana wa kutabasamu. Banda letu lilikuwa na Anti Leipakoa. Wenzake waliwabembeleza wageni, yeye aliwahoji. Unatoka wapi, unakuja na nani, kwa nini umechoka, na kwa nini hukuchokea kwenu? Kuna bwana mmoja wa Christchurch aliyeulizia mahali patulivu, mbali na watu. Anti alimtazama juu hadi chini, akamuuliza amemkimbia nani. Sisi tukataka ardhi ipasuke tuingie. Kesho yake mkewe yule bwana akapita bandani akimtafuta.

Basi tangu hapo nani angemwambia kitu? Ofisini nako hatukusalimika. Mkurugenzi wetu wa wakati huo, Bwana Kaltak, akileta maandazi asubuhi, Anti alikuwa haonji mpaka aambiwe kuna kazi gani nyuma yake. Ukimsifia gauni, anakuuliza unataka kumkopa nini. Alipopewa cheti cha mfanyakazi bora, alimtaka Mkurugenzi amwambie waliobaki walikuwa wabovu kiasi gani. Tahadhari kabla ya hatari, ndivyo alivyokuwa akitujibu, na kwa kweli mara nyingi hatari ilikuwepo.

Lakini jambo ambalo wafanyakazi wapya wanalisikia nusunusu, na ambalo leo nataka nilieleze lote, ni la Auckland mwaka 2018. Mwaka huo tulikiona cha mtema kuni. Shirika la ndege lilitutangazia kwamba abiria wasipoongezeka, ndege ya Ijumaa ya kwenda Efalo ingefutwa mwaka ukiisha. Kwa ofisi, hiyo ilikuwa aibu. Kwa Anti Leipakoa ilikuwa msiba mlangoni. Mumewe, Mzee Kalsong, anaishi Efalo, mbali na Anti aliyeko hapa kazini, na ana ugonjwa wa moyo, na kila mwezi ilimlazimu aje hospitali hapa Vila. Daktari alishasema meli, kwa mawimbi yetu, ingemmaliza njiani. Kuhamia mjini alikataa katakata, maana viazi vikuu vyake angemwachia nani? Kwa hiyo ndege ile ndiyo iliyokuwa uhai wa Mzee, na Anti alikwenda Auckland, pamoja na Bwana Kaltak na mimi, akilijua hilo kuliko sisi sote.

Alikwenda na silaha yake: laplap. Alikesha jikoni kwa binamu yake anayeishi kule, akakuna viazi vikuu, akavifunga kwenye majani na tui zito, na juu akapanga vipande vya nguruwe vilivyonona. Kila aliyesimama bandani kwetu alipewa sahani. Nasi watu wa Efalo tunajuana: mgeni akila chakula chako, mnaweza kuzungumza. Akikikataa, ana lake jambo. Anayeogopa sumu mara nyingi ni yule anayejua namna ya kuitia.

Siku ya pili akaja mama mmoja wa makamo, mtandio kichwani, mkoba umemjaa vipeperushi vya visiwa vyote. Alijitambulisha kuwa Nasreen Buksh, mzaliwa wa Lautoka, mwenye kampuni ndogo ya safari pale Auckland. Anti akamsogezea sahani. Akashukuru, akasema hapana. Akasogezewa tena, hapana. Akapewa maji basi. Hapana vilevile, midomo imemkauka mtu wa watu. Mimi mwenyewe nywele zilinisisimka. Tangu nizaliwe sijaona mtu mwema anayekataa maji.

Kisha yakaanza maswali. Aliuliza kuku wetu huchinjwa na nani. Aliuliza ukisimama ufukweni jua huzamia upande gani hasa. Akauliza kama kila nyumba ya wageni ina maji ya kunawia miguu. Anti akawa anajibu kwa ncha ya ulimi, jicho kalikaza. Halafu yule mama akauliza kama kisiwani kuna nguruwe, na kama wapo, hulala wapi na ni mbali kiasi gani na jikoni.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mtu wa Efalo anaolea kwa nguruwe, anapatanishwa kwa nguruwe, anapewa cheo kwa nguruwe. Nguruwe mwenye chonge zilizojikunja ni mali ya ukoo. Mgeni anayekataa chakula chako na kukuuliza nguruwe wako hulala wapi, huyo ni mwizi, au katumwa na mwizi. Anti Leipakoa hakupepesa jicho. Akamwambia Efalo hakuna nguruwe hata mmoja, walikufa wote kwa kimbunga, na hii nyama ya kwenye sahani ni ya dukani hapa Auckland.

Nasreen akafurahi mpaka akavuta kiti akaketi. Nasi tukazidi kushuku: mtu anafurahia vipi msiba wa watu? Akasema anataka kuleta makundi, kila mwezi kundi, mwaka mzima, na kama Mkurugenzi yupo waanze kuzungumzia mkataba. Bwana Kaltak aliyekuwa nyuma akipanga mabango alifika kabla hajamaliza sentensi. Wakazungumza mpaka giza likaanza kuonekana kwenye vioo vya ukumbi. Yule mama akatazama simu yake, akatoa tende mkobani, akanong'ona kitu, akala, kisha akamwomba Anti yale maji.

Akayanywa yote kwa mkupuo. Ndipo akatueleza kwamba walikuwa kwenye mwezi mtukufu wa Ramadhani, na kwamba wateja wake ni Waislamu wenzake, wazee wengi wao, wasiokula nguruwe wala chakula kilichogusana naye. Wanatafuta kisiwa kitulivu wapumzike na kuswali, wakielekea upande linakozama jua kwetu. Sisi tunaofunga Ijumaa Kuu, tena mpaka saa sita tu, tulianza kuhesabu saa alizokaa bila maji. Anti aliiangalia ile laplap aliyomsukumia mwenzake mchana kutwa. Akaivuta taratibu, akaifunika kwa kitambaa.

Bwana Kaltak akamwita pembeni. Alimwambia kwa sauti ya chini, kwa lugha yetu, anyamaze tu. Nguruwe watahamishiwa msituni, na mgeni hatajua. Akamkumbusha, kana kwamba alikuwa amesahau, nani hupanda ndege ya Ijumaa. Anti akaitazama ile sahani iliyofunikwa. Mwanamke ambaye hakuwahi kumwamini mtu, siku hiyo ameaminiwa, na mumewe yuko kwenye mizani. Akarudi pale mezani, akaketi mbele ya yule mama.

"Dada, nimekudanganya," alisema. "Nguruwe tunao, tena wengi kuliko watu. Nilidhani unataka kutuibia."

Nasreen akakusanya vipeperushi vyake. Akafunga mkoba wake. Kisha akasema, "Leo nimeuliza mabanda mengi, na wote wameniapia kwamba hawana. Sasa na wewe, nitajuaje kwamba hukunidanganya na mengine?"

"Hutajua," Anti akamjibu. "Njoo uone mwenyewe."

Mkataba haukusainiwa. Safari ya kurudi Vila, Bwana Kaltak hakumsemesha Anti, na Anti alilia kimyakimya, uso kaugeuzia dirishani. Sikuwahi kumwona akilia, wala sijamwona tena.

Mwezi Agosti, Anti akiwa nyumbani likizo, Nasreen Buksh alishuka Efalo bila taarifa, na sufuria zake begani. Alikagua kisima, akanusa kuni, akafunua vyungu vya watu. Anti alimfuata hatua kwa hatua, kwa kuwa hakuamini anachokagua, na Nasreen hakuamini anachoonyeshwa. Walizunguka kisiwa kizima hivyo, kila mmoja akimchunga mwenzake, na jioni wakaonekana wameketi pamoja wakimsengenya Bwana Kaltak. Kesho yake Anti akamwomba chifu afunge jani la namele, alama yetu ya mwiko, kwenye mlango wa jiko jipya lililotengwa kwa wageni. Nyama ya nguruwe haipiti hapo, na hakuna mwana wa Efalo atakayelivuka jani hilo hata kwa njaa. Nasreen alitaka kujua hayo atayaaminije. Wakaenda wakamuuliza mtoto wa kwanza waliyemkuta, na yule mtoto alitetemeka kwa kuulizwa tu.

Kundi la kwanza lilikuja Novemba. Ndege ya Ijumaa haikufutwa. Mzee Kalsong amekuwa akipanda ndege hiyo miaka yote hii, akigombana na wastaafu wa Auckland juu ya nani akae dirishani, na daktari wake anasema hajui moyo ule unaendeshwa na nini.

Anti Leipakoa, tunakushukuru kwa kazi, kwa maswali, na kwa siku ile uliyojishuku mwenyewe kabla ya mtu mwingine. Siku yako ya mwisho tumekukatia tiketi ya ndege ile ile ya Ijumaa. Wageni wa Nasreen wameijaza, tukapata viti viwili vya mwisho, chako na cha Mzee, aliyekuja kwa daktari wake, na hatukumhonga mtu. Miaka thelathini na mmoja umekwenda nyumbani kwa tiketi ya kwenda na kurudi. Hii ni ya kwenda tu. Mzee Kalsong tumeshamwambia, lakini amekataa kuamini mpaka aishike mkononi.

Mwonyeshe, Anti. Kaeni kwa afya, mlale kwa amani, na Mungu awaongezee miaka mingi chini ya paa moja.