Kidonge cha Keshokutwa

Kijiwe chetu cha njia panda ya Mpapura kina benchi moja, birika la shangazi Nasra, na wanaume watatu ambao hawajawahi kukosa jibu. Daktari aliwahi kulinda geti la hospitali, jina likamganda. Gesi alichimba mtaro wa bomba la gesi miezi miwili, sasa ana bodaboda na hotuba. Hakimuddin mwenye duka tunamwita Hakimu, maana kila ubishi huishia kwake. Mimi nipo likizo ya chuo, namsaidia shangazi kumimina kahawa. Msimu huu wa korosho watu wamehamia vibandani mashambani, na dada Upendo, mhudumu wa afya, huwafuata wajawazito hukohuko kwa pikipiki, akiwapelekea dawa za kumkinga mtoto asipate virusi vya UKIMWI kutoka kwa mama. Kila Alhamisi hupita mbele yetu. Hii ni ya pili hajapita.

— Dawa zimeingizwa bombani, Gesi akaanza. Kila kizuri cha Mtwara kinaingia bombani, kinatokea Dar es Salaam.

— Vidonge vipite kwenye bomba la gesi? Hakimu akashangaa.

— Vinasukumwa na presha! Mtaro ulichimba wewe au nilichimba mimi?

— Acha hizo, mtani, Daktari akapiga funda. Zinachanganywa na salfa, wanapulizia mikorosho. Hamwoni ilivyozaa mwaka huu? Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo inahusu nini hapa?

— Kibaba cha korosho, bwana!

— Mimi nasikia Upendo kaolewa ng'ambo ya Ruvuma, Hakimu akatoa hukumu. Ile pikipiki ndiyo mahari.

— Tangu lini mahari anatoa bibi harusi?

— Mapenzi hayana mwongozo.

Nikalitua birika kwa kishindo.

— Hajaolewa. Amehama njia kwa sababu yenu.

— Msomi kaamka, Gesi akacheka.

— Nimeamka, ndiyo. Mwezi mzima akina nani walikuwa wanawekeana dau la kikombe cha kahawa hapa? “Leo atakata kushoto, kwa fulani. Leo kulia, kumbe na yule binti naye!” Hakimu anaamua, aliyeshindwa ananunua. Mnadhani wale wanawake hawana masikio? Wamemwomba asiwafuate tena kwa njia hii.

Sikusema kwamba vikombe vile nilivimimina mimi. Na mara moja nilicheka nao.

— Ulikuwa mchezo tu, mwanangu, Daktari akasema. Na wao wasifiche. Mficha uchi hazai.

— Mzee, uchi anaonyeshwa mkunga. Hakionyeshwi kijiwe.

Alikuwa amefungua mdomo anijibu, ndipo akatokea kijana kutoka upande wa mto, vumbi limempanda mpaka magotini.

— Shikamooni, wazee. Naitwa Leonel. Naomba kuuliza, pikipiki ya dada Upendo siku hizi inapita wapi?

Gesi akamtazama Daktari. Daktari akaitazama kashata yake.

— Dawa za mke wangu alikuwa ananipa mimi, pale mwanzo wa shamba. Mimba ina miezi minane, miguu imemvimba, kutembea hawezi. Simu kule haishiki. Nimemsubiri Alhamisi iliyopita mpaka jua likazama. Vimebaki vidonge viwili, cha leo na cha kesho.

Hakushusha sauti hata kidogo.

— Kijana, Daktari akanong'ona, jambo kama hilo unalisema hadharani?

— Nifanyeje, mzee wangu? Cha keshokutwa kipo wapi?

Watatu hao walikuwa na jibu la bomba, la salfa na la mahari.

Gesi akamwaga kahawa yake chini, akaipiga kiki pikipiki.

— Zahanati haijafungwa. Panda, shemeji.

Walipopotelea kwenye vumbi, Daktari akainuka, akashika ncha moja ya benchi.

— Hakimu, shika huko.

— Tunalipeleka wapi?

— Hatulipeleki. Tunaligeuza.

Wakaligeuza, likatazama ukuta wa duka.

Gesi alirudi alasiri.

— Amepata, za mwezi mzima. Nimemfikisha mpaka kibandani. Na Upendo nimemkuta palepale zahanati. Anauliza, kijiwe kimepoa?

— Mwambie apite, Daktari akasema.

Alhamisi iliyofuata tulikuwa tunakunywa, nyuso ukutani, tukasikia mlio wa pikipiki kwa mbali. Ukakaribia. Shingo ya Gesi ikaanza kuzunguka.

— Kunywa kahawa, mtani, Daktari akamwambia taratibu.

Ikafika njia panda. Ikakata.

Kushoto au kulia, mpaka leo hatujui.