Citoyen Mwenze, Aliyehamisha Bahari ya Kaspi

Baada ya miaka thelathini na miwili ya ualimu, Citoyen Mwenze Kitwa, mwananchi mwenzetu, anastaafu tarehe 2 Julai 1987. Alianzia Kabondo-Dianda, ambako barabara mbovu ilimmalizia baiskeli mbili, kisha mwaka 1964 akahamia Kamina kufundisha jiografia shuleni petu.

Kila mwanafunzi wa darasa la sita, la mwisho la sekondari, alijua mapenzi yake: Sumgait, mji wa viwanda wa Kisovieti kando ya Bahari ya Kaspi. Hakuwahi kufika huko. Lakini alitusimulia mabomba ya chuma ya visima vya mafuta, aluminiamu, mpira, maghorofa ya wafanyakazi waliotoka kila pembe, na moshi uliowakohoza, mpaka tukauona jirani wa Kamina yetu yenye reli na kambi ya jeshi. Jumamosi za salongo, kazi ya lazima ya pamoja, tuliujenga uani kwa vipande vya matofali na kuchimba bahari yake.

Bahari hiyo ilipaswa kuwa mashariki. Mashariki palikuwa na mihogo ya mkuu wa shule, Prefe Kabongo, kwa hiyo Mwenze aliichimbisha magharibi na kutuambia tuigeuze kichwani. Hatukuigeuza. Mwaka 1978, wiki mbili kabla ya mtihani wa Serikali, alitupa zoezi la ramani: karatasi ishirini na tatu, bahari zote magharibi! Diploma zetu zilikuwa hatarini.

Mwingine angetugombeza. Yeye alisimama mbele yetu, prefe akisikiliza mlangoni, akasema, "Batoto, minyi njo nilikosa. Ninyi mulifwata tu." Kisha akaomba shamba.

"Na mihogo yangu?" prefe akauliza.

"Tutaing'oa muzuri, Citoyen Prefe. Itakuwa bukari."

Prefe alinuna, halafu akauwazia ugali huo, akacheka, akaleta jembe mwenyewe. Tulimbebea mihogo hadi nyumbani, na kwa siku mbili tukahamisha bahari.

Mtihani haukuitaja Sumgait hata kwa bahati mbaya. Kumi na tisa tulipata diploma. Nilikuwa mmoja wao, na nilitaka kuwa mwalimu tangu nilipomsikia akikiri kosa lake.

Asante sana, Mwalimu. Upumzike vizuri na jamaa yako, kwa afya na furaha. Kuanzia Septemba darasa la sita ni langu, na kusema kweli naogopa. Lakini siku nitakapokosea, nitawaambia watoto mwenyewe, kwa sauti, kabla ya mtihani.

Citoyenne Ngoie Mputu, kwa niaba ya walimu wote