Kikombe cha Tatu cha Mama Zenebech

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika chuo kikuu chetu, Mama Zenebech Wondafrash anastaafu tarehe 30 ya mwezi wa Sene wa kalenda yetu, mwaka wa masomo unapoisha.

Aliajiriwa kufagia. Baadaye akakabidhiwa jiko la mkaa na birika la udongo katika ukumbi mwembamba nje ya chumba cha usaili. Kila nafasi iliyotangazwa hapa, iwe ya mhadhiri au ya mlinzi, walioitwa kusailiwa walipitia kwenye kahawa yake. Walifika wakitetemeka, wengine kwa viatu vya kuazima. Aliwagawia shayiri iliyokaangwa ya kutafuna na kuwaambia, "Kunywa, mwanangu. Hao waliomo ndani nao walitetemeka hapo hapo ulipokaa." Ilikuwa kweli. Hata mimi nilikaa hapo, nilipotoka Arba Minch kuomba kazi ya kubeba samani.

Kwa desturi yetu ya kahawa, vikombe ni vitatu, na cha tatu ndicho baraka. Mama Zenebech hakukubali mtu aitwe kabla ya hicho. Katibu akichungulia, alimzuia kwa mkono: "Baraka haijachemka. Mwambie Daktari asubiri, kiti chake hakina miguu ya kukimbia." Daktari Tilahun, mwenyekiti wa jopo, alicheka huko ndani: "Kumbe mwenyekiti ni yeye!" Wakasubiri.

Miaka sita iliyopita ilitangazwa nafasi ya msaidizi wa maabara. Miongoni mwa walioitwa alikuwamo Mahlet, binti yake wa pekee. Katibu alichungulia Mahlet akiwa na kikombe cha pili mkononi. Mama Zenebech aliogopa kusemwa kwamba anambeba mwanawe. Akainamia mkaa, mkono asiuinue. Mahlet akaweka kikombe chini, akaingia. Kazi akapewa mwingine.

Labda angeikosa hata hivyo. Lakini jioni ile, nikirudisha viti, nilimsikia Mahlet akisema: "Watoto wa watu wote uliwazuilia mlango, mama. Wako ndiye uliyemwona mzigo?"

Wapo waliomsifu Mama kwa uadilifu. Mahlet alihamia Dire Dawa, anakouza katika duka la dawa. Kila Pasaka huja, humbusu mama yake, hunywa cha kwanza, hunywa cha pili, kisha huinuka na kusema basi litamwacha.

Wiki hii limebandikwa tangazo la nafasi ya Mama Zenebech. Atapatikana mtu, kazi haikosi mtu. Ila watakaokuja kusailiwa siku hiyo wataitwa pale katibu atakapotaka.

Mama ameamua kwenda kuishi Dire Dawa, karibu na bintiye, na birika anaondoka nalo. Asante, Mama, kwa kutuingiza kazini tukiwa na kitu cha moto tumboni. Mungu akupe afya na miaka ya kupumzika. Na huko uendako, ukishamimina cha pili, Mahlet akae.

Desta Gobena, mbeba samani