Masharti ya Nyumba ya Chini kwa Isikeli

Benchi letu liko mbele ya kibanda cha kinyozi Hardeo, pale mtaa wa Samabula, chini ya bati linalovuja upande mmoja tu, upande wangu. Jumamosi mchana, mvua ya Suva ikipumzika kidogo ili ijipange upya, tunaweka katikati bakuli la kava, kinywaji chetu cha mizizi iliyotwangwa, na kuanza kuendesha dunia. Hardeo tunamwita Jaji, maana anakata kesi huku anakata nywele, na zote mbili zinatoka upande. Torika, muuza samaki wa kukaanga, ni Redio. Mimi ni Paspoti, kwa sababu nilizunguka bandari nyingi nikipika melini, nikarudi na kitambi na sufuria moja. Siku hiyo kesi ilikuwa ya Isikeli, karani mstaafu wa forodha, jina la benchi Muhuri. Jioni ile mpangaji mpya alikuwa anakuja kusaini mkataba wa nyumba ya chini, na karatasi ya masharti ilikuwa na sharti moja tu.

— Hilo kaliandika Litia mwenyewe, alisema Isikeli. Binti yangu. Kalituma kutoka Brisbane: "Mpangaji asiwe ndugu wa mwenye nyumba."

— Na ukilivunja? aliuliza Redio.

— Anakuja kunichukua nikakae naye. Chumba keshanitengea. Kina zulia.

Tukainamisha vichwa kwa heshima ya msiba huo. Litia hakuwa na kosa. Wapangaji wote waliopita walikuwa binamu. Wa mwisho alipata msiba, msiba ukaleta kijiji, na kijiji kikamhamishia Isikeli kwenye veranda yake mwenyewe, kwa adabu kubwa sana.

— Brisbane nimefika, nikasema. Ukikaa kwenye benchi wanakuuliza unangoja basi gani.

— We Paspoti nawe! Mtie mwenzio moyo, alifoka Redio. Haya, huyu wa leo ni nani?

— Mwalimu. Tumeongea kwa simu, Kiingereza kitupu cha ofisini. Nimemuuliza kazi, kanisa, kama ana mbwa.

— Na kwao wapi?

— Sijauliza! Litia kanikataza. Anasema mtu ukishamuuliza kwao, kifuu cha kava hakijazunguka keshakuwa mjomba wako.

— Mtoto ana akili huyo, alisema Jaji kutoka mlangoni, mkasi mkononi. Sasa andika. Wageni, mwisho siku mbili.

— Mgeni ndiyo nani? Mama yake mzazi naye mgeni?

— Redio, usianze. Tutahesabu ndala mlangoni. Zikizidi jozi nne, geti linafungwa.

— Watakuja pekupeku.

— Basi tuhesabu miguu!

— Mi naona tupime mikeka, nikasema. Mtu wa siku mbili hajitwishi mkeka. Ukiona mkeka umezidi urefu wa mlango, huyo kahamia.

Isikeli akaandika: mikeka.

— Nyie hamjui kitu, alisema Redio. Shida ni ule mshelisheli wake pale dirishani. Shelisheli likichomwa, harufu inafika hadi Nausori, watu wanashuka kwenye basi kabla ya kituo chao. Kata mti.

— Kaupanda marehemu mke wangu. Sikati.

— Basi marufuku kupika kitu chenye harufu.

— Hata samaki? nikauliza.

— Samaki anunue kwangu.

— Kutwanga kava?

— Kinu akiweke juu ya mto wa kulalia, kisisikike.

— Na misiba? Jaji akainua mkasi. Hapo ndipo penyewe. Andika: ndugu wa mpangaji wasife ndani ya mkataba.

— Wakifa?

— Watoe taarifa mwezi mmoja kabla. Mbona wanaohama wanaweza?

Nilitegemea Isikeli acheke. Aliandika. Hapo nikamwonea huruma, maana yule ni mtu aliyewahi kusachi mabegi ya mabalozi, na sasa alikuwa anaandika chochote alichoambiwa na muuza samaki, kinyozi na mpishi wa meli, kwa hofu ya kwenda kuzeekea ughaibuni.

Mwalimu akafika na mwavuli, ua sikioni. Akainama akipita mbele yetu, akaomba radhi kama inavyotakiwa, akajitaja: Vasiti. Tukabanana kumpa nafasi. Akasoma karatasi yote bila hata kutabasamu.

— Kwa ndala sina neno, mzee, akasema. Ndugu zangu wako mbali. Mie mtu wa Nadroga.

Redio ikazimika. Isikeli ni mtu wa kisiwa cha Kadavu, na Kadavu na Nadroga ni naita, watani tangu enzi za mababu. Naita akija kwako anang'oa mihogo yako, halafu analalamika kuwa ni midogo. Akikutukana unacheka. Akikuomba kitu hukatai, na ukikataa, habari inafika kijijini kwenu kabla yako.

— Na wewe mzee, aliuliza, wa wapi?

Isikeli akanitazama mimi. Mimi nikatazama bati.

— Wa Samabula huyu, Jaji akadakia.

— Samabula watu wanakaa tu. Kwao wapi?

— Kadavu, alisema Isikeli, kwa sauti ya mtu aliyefunguliwa begi forodhani.

— Naita!

Vasiti akampokonya kifuu, akanywa yote, akamvua kofia na kuivaa mwenyewe.

— Nikasema nani huyu anayehesabu miguu ya watu? Kumbe Kadavu! Nyie mtajulia wapi wageni, nani aje kwenu kutapikishwa na boti?

— Na wewe mwavuli umeuokota wapi? Watu wa Nadroga mvua mnaiona kwenye kalenda!

Isikeli alikuwa anacheka hadi machozi. Mwezi mzima sikuwa nimemwona akicheka. Kisha Vasiti akarudi kwenye karatasi, akaweka kidole kwenye sharti la kwanza.

— Hili tu ndilo sijalielewa. Naita ni ndugu, au si ndugu?

Kicheko kikakatika. Ukisema ni ndugu, Litia anakata tiketi. Ukisema si ndugu, umemtukana mbele ya kava. Jaji, mtu anayetoa hukumu hata bila kuombwa, aliingia ndani kumtafuta mteja aliyekuwa ameshaondoka. Redio akafunika samaki waliokuwa wamefunikwa. Mimi na bandari zangu zote nikarudi kuhesabu misumari ya bati.

Vasiti alisubiri, kama walimu wanavyosubiri. Halafu akasaini, akanyoosha kiganja.

— Mkishajua mtaniambia. Funguo, naita.

Isikeli akampa. Tukamtazama akishuka kwenda nyumba ya chini na kofia ile kichwani, anaimba.

— Litia akiuliza, tutajibu nini? alisema Isikeli.

Kava ilikuwa bado nusu bakuli. Hakuna aliyenyoosha mkono.