Mpima Visima Aliyeandikwa wa Kwanza Mara Moja

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wenzake wa chuoni mliokaa upande wenye kivuli, familia imemsimamisha mdogo wa marehemu, fundi seremala, awasomee maisha ya dada yake kama yalivyokuwa, na imemwomba asome taratibu, asipandishe sauti na asitoke nje ya karatasi, naye ameahidi kwamba atajaribu.

Marehemu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Aprili 1964, saa kumi na moja alfajiri, katika zahanati ya wafanyakazi wa idara ya maji, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto watano wa fundi pampu na mshona nguo, na mama yetu, ambaye yupo hapa mbele, anasema mtoto huyo alianza kuhesabu kabla ya kutamka vizuri, akivihesabu vifungo kwenye kopo la kushonea, na ukimficha kimoja alijua, akalia mpaka kirudishwe.

Alisoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha nyuzi kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari ya bweni kuanzia 1978 hadi 1983, na mwezi Oktoba 1984 akaingia chuo kikuu kusomea maji ya ardhini, akapangiwa chumba namba 12, ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani, na kitanda cha mlangoni akapewa msichana mmoja mrefu, mcheshi, ambaye tangu siku ile sisi hatujawahi kumwita ila Pacha, kwa sababu walikula pamoja, walisoma pamoja na kuazimana viatu, mpaka mlinzi wa getini akimwona mmoja peke yake anamuuliza mwenzako anaumwa. Pacha yupo nasi leo, amekaa safu ya pili.

Walihitimu pamoja Novemba 1988, wakapata shahada ya pili pamoja, na tarehe 2 Septemba 1991 wakaajiriwa siku moja kuwa wahadhiri wasaidizi, wakapewa ofisi moja yenye meza mbili zilizotazamana na kabati moja lisilofungika, ambalo mdogo wa marehemu alilitengeneza mara tatu bila mafanikio, na hilo analikiri mbele yenu.

Ndoa yake ilifungwa Jumamosi ya tarehe 19 Desemba 1992, na mumewe, shemeji yetu, ni fundi wa mashine za kunakili za pale chuoni, aliyempata baada ya mashine moja kumeza kurasa zake kumi na mbili, akazitoa moja moja kwa saa nzima bila kuchana hata moja, na shemeji mwenyewe husema hajawahi kufanya kazi ngumu kuliko ile wala yenye faida kuliko ile. Wamejaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 1994, ambaye ni nesi, na mtoto wa kiume aliyezaliwa 1998, ambaye anafundisha hesabu.

Sasa hapa inabidi sisi tusio wasomi tueleweshane kidogo, maana bila hili maisha ya dada yetu hayaeleweki. Katika kazi yao, utafiti ukiisha huandikwa makala kwenye jarida, na makala moja huweza kuwa na waandishi wawili, wanne, hata kumi na moja, majina yao yakipangwa kwenye mstari, na jina la kwanza ndilo la mwenye kazi, ndilo linalohesabiwa mtu akiomba kupandishwa cheo, ndilo linalotajwa wengine wakiizungumzia kazi ile, na waliobaki wote huitwa kwa mkupuo "na wenzake". Mdogo wake aliposimuliwa jambo hili mara ya kwanza alicheka sana, akamwambia, "Dada, kwetu karakana kabati likivunjika mteja hamtafuti aliyepiga randa, humtafuta mwenye karakana," naye akajibu, "Kwetu pia, mdogo wangu, ndiyo maana wa kwanza huogopwa na hutamaniwa."

Basi mwaka 1993 yeye na Pacha waliandikiana makubaliano nyuma ya kalenda ya ofisini, moja yako, moja yangu, wakarusha sarafu na ya kwanza ikamwangukia Pacha, na hakuna aliyenung'unika. Ya pili ilikuwa ya dada yetu, ikatoka mwaka 1995, lakini desturi ya idara ile ilikuwa kwamba hakuna kazi inayotoka nje ya jengo bila jina la mkuu wa idara, na mkuu wa wakati huo, ambaye hajawahi kuchungulia kisima hata kimoja, alijiandika wa kwanza kwa kalamu ya wino mwekundu, dada yetu akashuka hadi wa pili, akarudi nyumbani akasema si kitu, ni mzee wetu. Ya tatu ikawa ya Pacha kwa haki yake. Ya nne ilikuwa ya dada yetu tena, mwaka 2003, kazi aliyoifungia kibwebwe miaka saba, na wiki moja kabla ya kuituma, Pacha akaja sebuleni kwake akiwa na karatasi za kuombea cheo, akasema, "Pacha wangu, nipe hii tu, nikipita mimi nitakuvuta na wewe, ijayo ni yako," na dada yetu akampa, pale pale, kabla chai haijapoa.

Pacha alipita. Mwaka 2009 akawa profesa, na hatusemi hakustahili, kwa sababu alikuwa hodari wa kuandika, wa kusafiri, wa kukaa na wakubwa na kukusanya watu, lakini kuanzia hapo makala zikawa za watu wanane, watu tisa, na jina la dada yetu likawa la nne, la sita, mwaka mmoja likasahaulika kabisa, akaombwa radhi kwa barua nzuri.

Yeye alikuwa na visima vyake. Kuanzia Januari 1996, kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi, alipima kina cha maji katika visima arobaini na kimoja, vya shule, vya misikiti na makanisa, vya watu binafsi nyuma ya nyumba zao, akishusha futi ya chuma yenye kipande kizito cha madini ya risasi mwishoni, akisikiliza kinapogusa maji, akiandika kwenye daftari lenye jalada gumu, na alikwenda akiwa mjamzito wa miezi minane, akaenda Jumamosi iliyofuata maziko ya baba, akaenda na homa, na shemeji yetu aliyekuwa akimwendesha kwa pikipiki alikuwa akiwatania watu kwamba mke wake ana waume arobaini na mmoja na yeye ni dereva wao.

Tarehe 7 Machi 2016, saa nne asubuhi, Pacha alimkuta kwenye korido ya ghorofa ya kwanza, akampa makala iliyokwisha kamilika kuhusu chumvi katika maji ya visima sitini, akamwambia, "Zamu yako, nimekuweka wa kwanza, nilikuahidi," na kulikuwa na fomu ya kusaini inayosema kwamba mwandishi wa kwanza ameziona takwimu zote na anazithibitisha, na dada yetu akaigandamiza fomu ile ukutani, akasaini akiwa amesimama, hakufungua jedwali la takwimu. Hapa familia haitaki kumsafisha mtu, marehemu alikosa, na mwenyewe alisema hivyo mpaka mwisho, lakini tunaomba muelewe kwamba kulifungua jedwali lile mbele ya Pacha kungekuwa kumwambia sikuamini, baada ya miaka thelathini na miwili, siku ambayo mwenzake alikuwa anatimiza ahadi.

Makala ikatoka Agosti mwaka ule. Dada yetu alikuja nayo karakana mwenyewe, akatengenezewa fremu ya mninga, ukurasa wa kwanza ukatundikwa sebuleni kwa mama, na mama, ambaye haisomi lugha ile ya kigeni, alikuwa akiwaonyesha wageni jina tu kwa kidole.

Mwezi Juni 2018 mtafiti mmoja asiyemjua aliandika kuuliza ilikuwaje visima kumi na tisa kati ya vile sitini vikawa na tarakimu zinazojirudia, dada yetu akalifungua jedwali kwa mara ya kwanza, akakuta visima viwili kati ya hivyo kumi na tisa ni vyake, anavijua kama watoto wake, na kwenye daftari lake, kwa mkono wake, tangu mwaka 2011 aliandika kimekauka, kimekauka. Makala yenye jina lake mbele ilikuwa imepima chumvi ya maji yasiyokuwepo. Nani alizibuni tarakimu zile, kama ni mwanafunzi aliyechoka kutembea au ni mwingine, kamati haikutafuta sana, iliuliza nani wa kwanza, na ilipomuuliza Pacha alisema yeye alitoa ushauri tu, na dada yetu alipoulizwa ana la kusema alisema, "Nimesaini," basi.

Makala ikafutwa tarehe 22 Novemba 2018, na ukiitafuta hata leo utaikuta, jina lake likiwa la kwanza na neno IMEFUTWA limepita juu ya kila ukurasa. Maombi yake ya cheo yakarudishwa bila kufunguliwa, akazuiwa kusimamia wanafunzi kwa miaka mitano, wenzake wakawa wakimkuta kwenye ngazi wanakumbuka kwamba wamesahau kitu ofisini, na mdogo wake akaenda kwa mama akaishusha ile fremu, mama akauliza inakwenda wapi, akadanganywa kwamba inapakwa vanishi.

Hakuacha visima. Alistaafu mapema mwaka 2019 akiwa na cheo kile kile cha mhadhiri alichopata mwaka 1999, akapima mpaka Desemba 2021, akajifungia na madaftari yake ishirini na sita kuandika kazi ya peke yake, isiyo na mwenzake wala wenzake, akasema hii nikiitoa wataniuliza mimi na nitajibu kila mstari. Tulichokiona ndani yake, kwa namna alivyotueleza, ni kwamba maji ya visima thelathini na kimoja yanashuka mwaka hadi mwaka, na wanaovinywea hawajui.

Mwezi Februari 2022 alianza kuumwa tumbo, akagundulika ana kansa ya ini, akatibiwa hospitali ya rufaa, akalazwa mara tano, binti yake akimuuguza wodini na nyumbani, na kitandani aliendelea kuandika, akimwambia binti asome tarakimu kwa sauti na yeye anasahihisha kwa kichwa. Alimaliza na kuituma tarehe 30 Juni 2023. Kuanzia hapo kila asubuhi aliuliza kama wamejibu, tukamwambia bado, na Jumatano ya tarehe 18 Oktoba 2023, saa tatu asubuhi, aliuliza, akaambiwa bado, akageukia ukutani, na saa tano na robo akafariki.

Jibu lilikuja Ijumaa. Mhariri wa jarida ameandika kwamba kazi ni nzuri, haijawahi kuonekana kazi ndefu namna ile kutoka huku kwetu, lakini kutokana na historia ya mwandishi hawawezi kuichapisha akiwa peke yake, labda apatikane mtafiti mwenye jina safi, azikague takwimu, athibitishe, na asimame kama mwandishi wa kwanza. Jana saa kumi jioni Pacha alikuja msibani, akasomewa barua, akalia mpaka akashikwa mabega, kisha akasema yeye yuko tayari.

Familia ilikaa. Binti alisema, "Bora karatasi zikaoze," akatoka nje. Mdogo wa marehemu, huyu anayesoma, alisema maneno ambayo mama alimkataza kuyarudia hapa. Shemeji yetu alisema yeye ameviendea visima vile kwa miaka ishirini na sita, anawajua wanaochota, kuna shule mbili, na hawezi kuwaficha watoto wa watu kwamba maji yao yanaisha kwa ajili ya hasira yake, akaomba kalamu asaini ridhaa ya familia.

Kwa hiyo tunawatangazia kwamba kazi ya maisha ya dada yetu itachapishwa, jina la kwanza likiwa la Pacha na la pili likiwa la marehemu, na kando ya jina lake patawekwa alama ndogo ya kuonyesha kwamba hayupo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, majirani mliopika na kulala hapa chini kwa siku nne, wenye visima arobaini na kimoja mliomfungulia mageti bila kuchoka, wenzake wa chuoni mlioweza kuja leo, na Pacha, aliyekubali jina lake litangulie.

Dada yetu, safari hii hukusaini wewe, tumesaini sisi, tena baada ya kusoma kila kitu, utusamehe, na ulale kwa amani.