Injenieri wa Poda

Ndugu zangu, Bwana apewe sifa hata katika aibu hii ninayowaeleza. Siku ile mama yangu aliponimwagia poda kichwani mbele ya chuo, nilikuwa nimeanguka mitihani, na sikumwambia.

Nirudi nyuma kidogo. Ninasoma ujenzi, mwaka wa tatu, hapa Kalemie. Mnajua desturi yetu: matokeo yakisomwa, aliyepita anatoka nje na jamaa wanammwagia poda mpaka anakuwa mweupe. Ukumbini jina langu lilisomwa kati ya wale wa kurudia. Masomo mawili, na moja lilikuwa lile la kupima nguvu za nguzo na dari. Nilipotoka, Mama na wanakwaya wenzake walikuwa wananingoja. Hawakuuliza. Waliniona katikati ya wenzangu waliopita, wakafungua makopo. Ningeweza kusema neno moja tu. Niliinamisha kichwa ili wanifikie vizuri.

Tulipita sokoni kwa miguu, wao wakiimba. Watu walisimama, wakaniita Injenieri. Ndugu zangu, nilicheka nao!

Baada ya wiki mbili Mchungaji aliniita biro, ofisini kwake. Aliniomba nichore roshani ya kwaya ndani ya kanisa letu, dari ya zege ambayo akina mama arobaini wangesimama juu yake. Nilikubali. Vyuma vya kushikilia zege nilivinakili kutoka mchoro wa rafiki yangu, mchoro wa baraza ya nyumba ndogo. Sikupiga hesabu hata moja, kwa sababu sikuijua.

Papa Kalunga, fundi wetu, hakusoma sana, lakini amejenga maisha yake yote. Alishika mchoro, akahesabu vyuma kwa kidole, akaniuliza taratibu: "Injenieri, hivi vyuma vyembamba vitabeba wamama wote, na vile wanarukaka wakiimba?"

Nilimjibu kwamba hesabu za chuo hazikadiriwi kwa macho. Wafanyakazi wakamcheka mzee yule. Akafunga vyuma kama nilivyochora.

Mama na wenzake walibeba kokoto kwa mabeseni siku tano. Zege lingemwagwa Jumamosi. Ijumaa saa tisa mchana, kwenye maombi ya shukrani, Mama alisimama kusema. "Mimi niliuzisha samaki, sikusoma. Leo mutoto wangu njo yeye atanibeba, niimbie Mungu kule juu."

Niliinua macho kwenye roshani. Mama ndiye anayeongoza kwaya. Angesimama mbele, katikati, mahali ambapo vyuma vyangu vilikuwa vichache kuliko kwingine. Sijui nilifikaje mbele, lakini nilishika maikro.

"Mama, sikupita. Musimwage kesho. Sijui kama itabeba."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Kumbe ni injenieri wa poda," na benchi lake lote likacheka. Nilistahili kicheko kile. Papa Kalunga hakucheka. Aliinuka, akapanda ngazi na koleo lake, akaanza kukata waya zilizofunga vyuma, kimoja kimoja. Nilimfuata. Hakunigombeza. Alininyooshea koleo la pili, akasema, "Anzia huko." Tulifungua vyote mchana ule, na jasho langu na machozi yangu sikuweza kuyatenganisha.

Hapo ndipo Bwana aliponifungua, wapendwa! Tangu siku ile ninapata usingizi. Sasa Mchungaji ametafuta injenieri wa kweli, na mimi nimerudia mitihani yangu miwili. Matokeo hayajasomwa. Yakisomwa vibaya, nitayasema mwenyewe kabla mtu hajafungua kopo.

Kama kuna mtu anayeitwa jina ambalo hajalipata, namwomba aje kwa Yesu leo, zege likiwa bado mchanga na maji. Ataaibika, sitamdanganya. Lakini Bwana hamwachi mtu aliyesimama na kusema ukweli. Mimi ni shahidi, na ninamshukuru kwa kila mama ambaye bado anatembea kwa miguu yake.

Mama yangu ananipikia, na nikimsalimu ananijibu. Lakini kwenye kwaya hajarudi. Ni Jumapili ya tatu sasa anakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na wimbo ukianza anaangalia chini.