Figo Inazikwa na Mwenyewe

Ndugu, jamaa, majirani na nyote mliokesha nasi katika ukumbi huu wa msiba tangu juzi, nimesimama mimi Tak Sun-im, mdogo wake marehemu, kuwasomea maisha ya kaka yangu kwa niaba ya familia, na naomba mnivumilie kwa sababu nina hasira, na yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba nikikasirika ndipo sauti yangu inafika hadi nyuma.

Marehemu Tak Byeong-mun alizaliwa tarehe 9 Machi 1961 hapa Hongseong, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee Tak Chil-bong na mama yetu Eo Gan-nan, katika nyumba ambayo banda la nguruwe lilipakana na jiko, kiasi kwamba mama alidai mtoto huyu alianza kukoroma kabla ya kulia. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1968, akaendelea na sekondari ya kilimo hapa mjini na kuhitimu Februari 1980, wa mwisho kwa hesabu na wa kwanza kwa mifugo, kisha akaenda jeshini Cheorwon, kwenye baridi ya mpakani, ambako hadi mwaka 1983 silaha aliyoishika zaidi ilikuwa ndoo ya mabaki ya jikoni, kwa maana walimpa kulisha nguruwe wa kambi.

Tarehe 18 Oktoba 1986 alifunga ndoa na wifi yangu Ma Ok-bun, binti wa muuza uduvi wa chumvi wa Gwangcheon, na kwa kuwa nyama ya nguruwe haiendi bila uduvi, watu walisema ndoa hiyo imepangwa na tumbo. Walijaliwa mtoto mmoja, Mi-rang, aliyezaliwa tarehe 5 Mei 1988, ambaye leo ni mwalimu wa muziki Daejeon, na ndiye yule pale aliyevaa kitambaa cheupe.

Marehemu alifuga nguruwe wake mwenyewe hadi Januari 2011, ulipokuja ule ugonjwa wa miguu na midomo, na ingawa wa kwake hawakuumwa hata mmoja, amri ilikuwa ya eneo zima, katapila likachimba shimo nyuma ya shamba, wakasukumiwa humo wangali hai, naye akasimama ukingoni mpaka sauti zao zilipokwisha, akaingia ndani na hakuzungumza na mtu hadi theluji ilipoyeyuka. Maneno ya kwanza aliniambia mimi, akasema, "Wamezikwa kama takataka, Sun-im. Hata wa kuwataja jina hakuna."

Tarehe 2 Juni 2014 aliajiriwa kama mlishaji mkuu katika shamba la kampuni moja ambayo jina lake familia imekataa litajwe mbele ya picha yake. Siku ya ufunguzi wakubwa waliweka kichwa cha nguruwe mezani, wakakijaza noti mdomoni na kukiinamia ili biashara iende vizuri, na kaka alirudi nyumbani akasema kwamba pale mezani aliyetabasamu kwa moyo safi ni nguruwe peke yake.

Nguruwe wa shamba hilo, kwa mliokuwa hamjui, ni wale ambao wataalamu wamewaondolea jeni kadhaa za kinguruwe na kuwapachika za binadamu, ili kiungo chao kikiwekwa ndani ya mtu mwili usikione kuwa ni mgeni, jambo ambalo tulilicheka kwa miaka mingi na ambalo, nalisema bila kinyongo, ni la ajabu na la kweli. Waliishi kwenye vyumba safi kuliko vyetu, kaka akioga kila mara kabla ya kuingia kwao na kuvaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, na kuwapa majina kulikatazwa, walikuwa na namba tu, lakini yeye aliwaita majina kwa sauti ya chini, na jike mmoja mwenye sikio lililokunjika alimwita Boksil.

Kisukari kiliua figo zake mwaka 2023, akawa mtu wa kusafishwa damu kwa mashine, na Mi-rang alipotaka kumpa figo yake alikataa katakata. "Sikukuzaa ili nije nikufungue kama gari bovu nitoe spea," alimwambia. Ndipo kampuni ilipomwendea, na tarehe 11 Aprili 2028, jijini Seoul, akawekewa figo ya nguruwe, nayo ikatoa mkojo hata kabla madaktari hawajamaliza kumshona, wifi yangu akalia kwa furaha kwenye korido akiwaambia watu asiowajua, "Mume wangu amekojoa." Alipozinduka aliuliza namba ya nguruwe, akaambiwa, ikawa ni ya Boksil, akageukia ukutani. "Huyo nimemkuna tumbo tangu akiwa wa kubebwa mkononi," alisema, na tangu siku hiyo hakula tena nyama ya nguruwe, kwa hiyo mliotafuta vipande vyake kwenye sahani za msiba huu, hatukusahau.

Aliishi vizuri, alipanda vilima, alilima figili zake, na kampuni ilimpandisha jukwaani kila mahali, meneja wao, Pyo, akimshika bega kila kamera ilipogeuka. Halafu Februari 2029 wakaja wenye mali wapya, wakatangaza kwamba awamu ya majaribio imefungwa, na ile dawa iliyotuliza mwili wake, ambayo haiuzwi popote, ikakatwa. Awamu imefungwa, kana kwamba mtu ni duka. Kaka alimpigia simu Meneja Pyo mbele yangu, akasema, "Meneja, nyinyi mmefunga, mimi bado niko wazi. Nifanyeje?" Meneja akasema atalifuatilia, na hatujui alilifuatilia hadi wapi, ila mwili wa kaka uliishtukia figo ile ukaanza kuipiga vita, akarudishwa kwenye mashine, na akafariki tarehe 3 Novemba 2029, saa kumi na moja alfajiri, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Ok-bun. Figo haikumuua, wala wataalamu walioibuni hawakumuua. Ameuawa na watu waliochoka naye, na hilo nalisema wazi wakisikia.

Jana Meneja Pyo alifika hapa na boksi la barafu, akaiinamia picha, akakaa, akala supu yetu, kisha akamwinamia wifi yangu sikioni na kumwambia, "Mama, samahani kwa msiba, lakini kile kiungo ni mali ya kampuni, na kikichelewa kitaharibika." Ok-bun akamjibu, "Maliza supu yako uondoke." Wosia wa marehemu wiki mbili kabla ya kufa ulikuwa huu: "Msiwape. Katika nguruwe wangu wote, angalau mmoja azikwe na jina." Kwa hiyo hachomwi moto kama ilivyo desturi ya wengi siku hizi, anazikwa kilimani kwetu, mzima kama alivyo.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Seoul na wa hapa Hongseong, waliohangaika kuitafuta ile dawa hata walipofokewa, inawashukuru majirani waliochimba kaburi katika ardhi ngumu, na walishaji wenzake, ambao wamekuja leo wakijua kazi zao ziko hatarini. Shada la maua la kampuni tumeligeuza litazame ukuta, na wewe, Meneja, uliyerudi ukakaa pale mlangoni na boksi lako, ondoka nalo tupu.

Kile kitambaa chekundu kinacholazwa juu ya jeneza kimeandikwa jina la Tak Byeong-mun, na chini yake, kwa mkono wa Mi-rang, jina la Boksil. Kaka, hakuna atakayemtoa. Pumzika kwa amani, wewe na yeye.